Faili Moja, Vioo Vingi: Picha ya Eksirei Isomwe Kwenye Skrini Ipi?

Kijana amevunjika paja katika ajali ya bodaboda. Kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji anapigwa picha ya kifua. Kwenye skrini ya chumba cha mionzi, chenye pazia zito na taa hafifu, mtaalamu wa mionzi anaona mstari mwembamba mfano wa unywele karibu na ncha ya juu ya pafu la kushoto. Nje ya mstari huo kuna weusi usio na alama yoyote ya mishipa ya damu: hewa imevuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Nusu saa baadaye picha hiyohiyo inafunguliwa katika ofisi ya daktari wa zamu, kwenye meza inayotazamana na dirisha, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Daktari anaona mapafu mawili meusi, mbavu nzima na moyo wa ukubwa wa kawaida. Anaandika kwamba kifua hakina tatizo.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini hatari iliyomkabili ni ya kweli. Hewa kidogo iliyovuja huenda isimsumbue mgonjwa anayepumua mwenyewe kitandani. Akipewa dawa ya usingizi na mashine ikaanza kusukuma hewa mapafuni kwa shinikizo, hewa hiyo inaweza kuongezeka kwa dakika chache, ikalibana pafu, ikausukuma moyo upande na kuizuia damu kurudi moyoni. Kati ya chumba cha mionzi na ofisi ya daktari faili halikubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni skrini, pamoja na mahali ilipowekwa.

Katika enzi ya filamu tatizo hili lilikuwa dogo zaidi. Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na kwa muda wa miaka mia moja hivi iliyofuata, picha ya mgonjwa ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Weusi na weupe wake ulikuwa umekwisha kukaa ndani ya filamu, na sanduku la taa lililotundikwa ukutani liliupitisha mwanga tu. Filamu ilikuwa na kasoro zake: iliungua kwa mionzi mingi, ilififia kwa dawa iliyochakaa, ilipotea kabatini. Hata hivyo daktari wa wilayani na bingwa wa hospitali ya rufaa walipoitazama kwa zamu, waliona kitu kimoja. Leo picha ni mkusanyiko wa namba, na kila skrini huzigeuza namba hizo kuwa mwanga kwa namna yake.

Ugumu unaanzia kwenye rangi ya kijivu. Picha ya eksirei haina nyekundu wala kijani. Habari yote iliyomo imo katika tofauti ndogondogo kati ya kijivu na kijivu. Jicho la binadamu nalo halizioni tofauti hizo kwa usawa. Penye mwanga wa kutosha linatambua badiliko dogo sana, lakini gizani linahitaji badiliko kubwa zaidi kabla ya kushtuka. Skrini ya kawaida ya ofisini imetengenezwa kwa ajili ya barua, majedwali na video, si kwa ajili ya jicho linalotafuta mstari wa kijivu-kizito juu ya kijivu-kizito zaidi. Ndiyo maana DICOM, kiwango cha kimataifa cha picha za tiba kilichopewa jina hilo mwaka 1993, kina sehemu maalumu inayoeleza jinsi skrini inavyopaswa kupanda kutoka weusi hadi weupe. Lengo lake ni kwamba kila ngazi ya kijivu iachane na inayofuata kwa kiasi ambacho jicho litakiona kuwa sawa, iwe upande wa giza au upande wa mwanga. Skrini iliyorekebishwa kwa kufuata mkondo huo Dodoma na nyingine iliyorekebishwa vivyo hivyo Mombasa zitawaonyesha wasomaji wawili picha zinazokaribiana sana. Zisiporekebishwa, kila mmoja atasoma ya kwake.

Aina za skrini ni chache kuliko majina yanayobandikwa kwenye maboksi dukani. Ya zamani kuliko zote ni ile ya bomba la kioo, yenye mgongo mkubwa kama wa televisheni za zamani, ambayo asili yake ni kazi ya Karl Ferdinand Braun ya mwaka 1897. Weusi wake ulikuwa mzuri, na wataalamu wengi wa radiolojia waliiaga kwa huzuni. Lakini ilikuwa nzito, ilitoa joto na ilipungua mwanga mwaka hadi mwaka. Hospitali iliyo nayo bado haina sababu ya kuisomea picha.

Iliyochukua nafasi yake ni skrini ya fuwele kimiminika, inayofahamika kwa herufi LCD. Historia yake ina jambo litakalowafurahisha watu wa afya. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi Prague, alikuwa akichunguza kemikali ya jamii ya kolesteroli aliyoipata kutoka kwenye karoti. Aliona kwamba inayeyuka mara mbili: kwanza ikawa kimiminika chenye ukungu, kisha, joto lilipozidi, kikatakata kama maji. Hali hiyo ya katikati, isiyo fuwele kamili wala kimiminika kamili, ndiyo iliyokuja kuzaa vioo vya saa, simu na kompyuta.

Ndani ya skrini hiyo taa ya nyuma huwaka wakati wote, na fuwele zilizo mbele yake hufunguka na kufunga mfano wa vibao vya dirisha la luva. Luva hata ikifungwa vizuri hupitisha mwanga kidogo. Kwa sababu hiyo weusi wa LCD kwa kweli ni kijivu kizito, na mnunuzi anapaswa kuuliza swali ambalo wauzaji wachache hulitaja: weusi wake ni mweusi kiasi gani?

LCD zenyewe zimegawanyika kwa jinsi fuwele zinavyojipanga. Aina ya bei ya chini, TN, imejaa kwenye kompyuta mpakato za bei nafuu, na kwa kusoma picha za mgonjwa ndiyo ya kuepukwa. Msomaji akiinama kidogo au akisogea kando, kijivu hubadilika mbele ya macho yake. Akiitazama kutoka chini, weusi unaweza kugeuka weupe. Nyingi zake zina ngazi 64 tu za kila rangi, huku nyingine zikiigizwa kwa kupepesa nukta harakaharaka. Aina ya VA ina weusi mzito kuliko zote katika jamii hii, nayo hupendeza sana dukani, lakini vivuli vyake vya giza hubadilika kwa asiyekaa katikati kabisa. Wodini ni nadra mtu mmoja kukaa katikati. Daktari, mwanafunzi na muuguzi husimama pamoja, na aliye pembeni huona picha nyingine. Aina ya tatu, IPS, ina weusi wa wastani, lakini huutunza uleule kwa anayetazama kutoka mbele na anayetazama kutoka pembeni. Kwa hospitali inayoweza kununua skrini za kawaida tu, hii ndiyo ya kuandikwa kwenye zabuni, tena kwa jina lake. Zabuni inayosema “skrini ya inchi 24” peke yake itajibiwa kwa kitu chochote chenye inchi 24.

Ipo pia OLED, iliyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke katika maabara za Kodak mwaka 1987. Haina taa ya nyuma. Kila nukta hutoa mwanga wake, na nukta iliyozimwa huwa nyeusi kabisa. Anayeiona kwa mara ya kwanza ikionyesha picha ya mapafu huona kana kwamba pazia limeondolewa. Lakini nukta hizo huchakaa kwa kadiri zinavyowaka. Programu ya kusomea picha huacha menyu ileile upande uleule kutwa nzima, na baada ya muda kivuli cha menyu kinaweza kubaki kwenye kioo hata ikiondolewa. Kivuli cha kudumu juu ya picha ya kifua hakivumiliki. Kwa simu ya mfukoni OLED ni nzuri. Kwa kituo cha kusomea picha chenye bajeti ndogo, haijawa chaguo la busara.

Skrini ya tiba inayouzwa kwa bei ya skrini kadhaa za ofisini mara nyingi ni IPS ileile, ila imeongezewa mambo matatu: mwanga mwingi, kifaa cha ndani kinachoupima na kuulinda usipungue, na urekebishaji wa kijivu uliofanywa kiwandani kwa kufuata DICOM. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kitaalamu vya Marekani, ACR, AAPM na SIIM, unataka skrini ya kutolea majibu ya picha ifikie angalau kandela 350 kwa mita ya mraba, ya mamografia 420, na za matumizi mengine 250. Skrini nyingi za ofisini hutoa kati ya 250 na 350 zikiwa mpya na zimefunguliwa hadi mwisho, kisha hushuka taratibu. Kushuka huko hakuna anayekuona, kwa kuwa jicho hulizoea giza linaloingia kidogokidogo. Kifaa cha ndani cha skrini ya tiba kipo kwa ajili ya hilo hasa.

Je, kila meza ya hospitali inahitaji skrini ya namna hiyo? La, na hapa ndipo fedha nyingi huweza kuokolewa. Anayestahili skrini bora ni yule ambaye maandishi yake ndiyo yatakayofuatwa na wengine. Kama hospitali ina mtaalamu mmoja anayeandika majibu ya picha, basi skrini moja nzuri mbele yake ina faida kuliko kumi za wastani zilizosambazwa kila ofisi. Wodini, ambako picha hufunguliwa ili kumweleza mgonjwa au kukumbuka mahali mfupa ulipovunjika, IPS ya kawaida iliyorekebishwa vizuri inatosha, mradi karatasi ya majibu isomwe pamoja na picha. Penye kituo ambacho tabibu wa zamu ndiye msomaji wa mwisho usiku, skrini yake si ya wodini tena, na inapaswa kuhesabiwa hivyo.

Picha za matiti ni jambo jingine. Chembe za chokaa zinazoweza kuwa dalili ya mwanzo ya saratani ni ndogo kuliko punje ya chumvi, na hujitokeza kama nukta nyeupe zilizokusanyika. Ndiyo sababu kwa kazi hiyo hutumika skrini zenye pikseli milioni 5, yaani 2048 kwa 2560, wakati skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2 na kidogo. Mwenye skrini ya milioni 2 anaweza kuikuza picha na kuizungusha sehemu kwa sehemu, lakini kazi huwa ndefu, na macho yaliyochoka huruka kona. Kituo kinachoanzisha huduma ya mamografia kwa kununua mashine na kuiachia skrini bajeti iliyobaki kimenunua nusu ya huduma. Kwa picha za CT hali ni kinyume: kila kipande kwa kawaida kina pikseli 512 kwa 512 tu, hivyo wingi wa pikseli hausaidii sana. Kinachohitajika ni kijivu kizuri, na msomaji anayejua kubadilisha dirisha la mwanga kwa mfupa, kwa pafu na kwa ubongo.

Skrini ya bei yoyote hushindwa na dirisha. Mwanga wa chumba ukiangukia kioo hurudi machoni na kujumlishwa juu ya weusi, na sehemu za giza, yaani mapafu, huwa za kwanza kupotea. Vyumba vya kusomea picha hupendekezwa viwe na mwanga wa laksi 25 hadi 50. Ofisi ya kawaida huwa na mia kadhaa, na meza iliyo karibu na dirisha la mchana hupita hapo mbali. Skrini igeuzwe ili dirisha lisiwe mbele yake wala nyuma yake, pazia zito lishushwe, na taa hafifu iachwe ikiwaka nyuma ya skrini ili macho yasichoke kwa giza totoro. Kioo kisichong'aa ni bora kuliko kile cha kumeremeta. Hata koti jeupe la daktari, fahari ya kazi yake, hujiakisi kwenye kioo. Asiyeamini alivue mara moja, kisha aitazame tena picha ya kifua. Yule kijana wa bodaboda huenda angenusurika kwa kugeuza meza tu, kabla hata ya kununua kitu.

Kuna jaribio ambalo fundi wa kompyuta au mhandisi wa vifaa tiba anaweza kulifanya bila gharama. Kuna picha ya majaribio iitwayo TG18-QC, iliyotayarishwa na chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, nayo hupatikana bure. Ndani yake kuna maneno yaliyoandikwa kwa herufi zinazofifia hatua kwa hatua, mara tatu: juu ya weusi, juu ya kijivu na juu ya weupe. Vilevile mna mraba mweusi wenye kimraba kidogo cha weusi usiozidi sana, na mraba mweupe uliopangwa kwa namna hiyo. Kimraba kikipotea gizani, basi na mstari wa pafu utapotea. Kabla ya jaribio zizimwe hila zote za skrini: mwanga unaojibadilisha wenyewe, hali ya sinema, hali ya usiku inayoleta umanjano, na ule utofautishaji ambao watengenezaji huutaja kwa mamilioni. Hila hizo hubadilisha kijivu kulingana na kilichopo kioo kizima, na hivyo kidonda kilekile kinaweza kuonekana tofauti ndani ya picha mbili za mgonjwa mmoja. Jaribio lirudiwe kila mwezi, saa ileile ya siku, na matokeo yaandikwe kwenye daftari lililo karibu na meza.

Jambo la programu zinazosoma picha zenyewe limeanza kuwachanganya wengine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za aina hiyo zitumike kuchunguza dalili za kifua kikuu kwenye picha za kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu haitazami kioo; husoma namba za faili moja kwa moja, hivyo skrini mbaya haiisumbui. Lakini mtu anayepokea jibu lake na kutaka kulihakiki hutazama kioo. Programu ikisema kuna kitu na skrini ikasema hakuna, daktari mwenye skrini mbovu atailaumu programu.

Skrini huzeeka pia, na za LCD za miaka ya nyuma zina taa za nyuma zenye zebaki ndani ya mirija yake. Zisitupwe kwenye shimo la taka wala kuchomwa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulizaliwa kwa sababu ya watu waliolemazwa na madini hayo. Na skrini ikiwa bado kazini, isifutwe kwa spiriti kali bila kusoma maelekezo ya mtengenezaji. Utando wa kuzuia mng'ao ukichubuka haurudi.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, suala hili huonekana kwa sura moja tu, nayo ni simu. Anayepewa rufaa mara nyingi huondoka na picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini ya hospitali, kisha ikatumwa kwa WhatsApp, ambayo huibana ili isafiri upesi. Picha hiyo imepitia skrini moja, lenzi moja, mbano mmoja na skrini ya pili; mwanga wa dirisha umo ndani yake, na pengine uso wa aliyeipiga. Inafaa kumweleza bingwa kwa haraka kwamba paja limevunjika na ni wapi. Haifai kuwa ushahidi kwamba kifua ni salama. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuomba faili halisi kwenye CD au kwa mfumo wa hospitali, pamoja na karatasi ya majibu iliyoandikwa, na anaweza kuuliza bila kuona haya: “Daktari, majibu haya yamesomwa na mtaalamu, au ni ya kuangalia tu?”

Na daktari anayempokea mgonjwa huyo usiku, akiwa na simu mkononi na chumba cha upasuaji kikimsubiri, afungue faili halisi kwenye skrini ya chumba cha mionzi, pazia likiwa limeshushwa, aanze na ncha za mapafu.